Bwana Mhariri, hata sisi ni wageni Kampala

Bwana Mhariri,

Ule ukurasa wenu wa utalii mimi huusoma kila ukitoka, na kila ukitoka picha ni ileile, mzungu na kamera shingoni, twiga nyuma yake. Sasa mwezi wa nane nilifunga duka langu la spea za pikipiki hapa Kondele, Kisumu, wiki nzima, nikabeba begi ya mgongoni nikapanda basi ya Kampala, kutembea tu. Si biashara, si matanga, si harusi. Nyumbani waliniuliza mara tatu naenda kununua nini, nikasema naenda kuangalia, mama akasema haya, angalia basi.

Kufika si shida. Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, ukifika Busia unashuka unapanga laini na kitambulisho chako tu, maana tangu 2014 sisi na Waganda na Wanyarwanda tunavuka hivyo bila paspoti, ila ile kadi ya njano ya chanjo ibebe usije ukahangaishwa bure. Halafu mkumbuke Kisumu yenyewe ilikuwa upande wa Uganda mpaka 1902, na reli iliyofika hapa ziwani 1901 ilikuwa inaitwa ya Uganda, kwa hivyo mimi nilijihesabu kama mtu anarudi kusalimia watu wao.

Nililala hosteli, zile za watu wa mabegi, watu wanane rumu moja, vitanda dabo deka. Mwafrika kwa hiyo rumu nilikuwa peke yangu. Asubuhi ya kwanza nimesimama kwa korido taulo begani, mswaki mdomoni, povu linanitoka, dada mmoja Mjerumani akaniuliza kwa heshima kabisa ati shuka hubadilishwa saa ngapi. Mswaki mdomoni, jameni! Nikamwambia mimi pia ni mgeni, akawa mwekundu mpaka masikio, akaomba msamaha mpaka nikaanza kumhurumia. Jioni mwingine akanipa noti nimletee soda. Huyo nilimletea, chenji nikabaki nayo.

Hao watu niliwaangalia siku nne na nitasema nilichoona. Wako Kampala lakini hawaongei Kampala, wanaongea walikotoka na wanakoenda, nani amemaliza nchi ngapi, nani aliumwa na tumbo wapi, nani alilala kwa bei gani. Kuna ile suruali nyepesi ya Thailand ya kuchorwa ndovu, niliihesabu kwa watu watatu ambao hawajuani, ndovu walewale. Na wako na hesabu ya ajabu, mtu anabishana na bodaboda robo saa kwa shilingi 500 za Uganda, ambayo kwetu haifiki hata 20, na kesho yake anaenda Bwindi kuona gorila kwa dola 800 bila kupepesa jicho. (Boda karibu zote ni zile Boxer ninazouzia spea hapa, niliona cheni zimelegea mkono ukaniwasha.)

Lakini kwa hiyo maneno ya gorila ndiyo nilifungwa mdomo. Yule yule dada wa shuka akaniuliza, na nyinyi wa Afrika Mashariki mnalipa ngapi? Sikujua. Akatoa simu akanionyesha, 300,000 za Uganda, nikapiga hesabu nikapata kama 11,000 zetu hivi. Akauliza umeenda? Sijaenda. Sijawahi hata kuuliza, na mimi ndiye jirani.

Pale kaunta ya hosteli kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, anasema amekaa Kampala zaidi ya miaka 20, kila jioni stuli ni ile moja. Jamu ya barabara, stima kupotea, fundi aliyesema anakuja kesho, na kila baada ya sentensi mbili, "hawa watu". Hawa watu hawashiki saa, hawa watu ukiwapa kazi. Jamaa wa kaunta anapangusa glasi anatabasamu, hiyo kanda ameshaisikia mpaka ameikariri. Nikamuuliza mzee kama anajua Kiganda. Akasema webale, yaani asante. Basi, hiyo moja. Nilicheka moyoni nikasema ngoja nirudi Kisumu niwahadithie watu.

Siku ya tatu kasini yangu akanipigia, yeye amefanya kazi huko miaka sita, akanichukua tukaenda mahali Wakenya hukutana kula nyama na kuangalia mpira. Watu kama kumi na tano hivi, Wakenya watupu, Mganda ni yule wa kuleta soda. Na hadithi gani tunapiga? Jamu. Stima. Matoke haishibishi, ni chakula cha mgonjwa. Ugali wao hauna nguvu. Halafu kasini yangu akaegemea kiti akasema, unajua shida ya hawa watu... Mhariri, nyama ilinikwama kooni. Na kusema ukweli mimi mwenyewe kabla hiyo soda iishe nilikuwa nimeshasema "hawa watu" mara mbili.

Huyu kasini hutumiwa omena kutoka Kisumu kwa basi kila mwezi, analipia kabisa parseli. Na tukitoka pale tulipita mama amemwaga mukene kwa gunia, lundo hili hapa, samaki ni yuleyule! Sisi omena, wao mukene, Watanzania dagaa, ziwa moja. Nikamwonyesha. Akasema hapana bana, hii si kama yetu. Kiganda anajua? Webale na ssebo, yaani bwana. Amemshinda mzee na neno moja.

Kurudi, basi ikisimama pale Namawojjolo wauzaji walikuja mbio na kuku wa vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, nikatoa kichwa dirishani nikasema ile jamaa wa kaunta alinifundisha, "Ssente mmeka?" yaani pesa ngapi. Mama akanijibu Kiganda cha mbio sikushika hata neno, basi nzima ikacheka, mwishowe akasema kwa Kiswahili, "Elfu mbili, Mkenya, lete." Nikampa noti ya elfu tano na gari ikaanza kutoka. Alikimbia na hiyo basi akarusha chenji dirishani ikaangukia mama wa Mumias aliyekaa nyuma yangu, naye akaihesabu mara mbili kabla ya kunipa.

Sasa Mhariri, siku moja kwa huo ukurasa twiga apumzike, muweke mtu wetu na begi yake. Picha ninazo nitawatumia bure, ila zingine kidole changu kimeingia.

Muuza spea,
Kondele, Kisumu