Mafua ya msimu huu wa upepo: kwa nini tunakataa kukuuzia rangi mbili

Ikifika mwezi wa sita hapa Dodoma upepo hauna huruma, vumbi linaingia mpaka kwenye sahani, asubuhi baridi kali, na sisi wa duka la dawa tukifungua tu tunakuta watu wanapiga chafya mlangoni. Wengi wanakuja na neno moja, "nipe rangi mbili za buku", yaani vile vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili, vya shilingi elfu moja. Tunakataa, na wengine wanaondoka wamenuna, sasa ngoja tueleze maana hatutaki mteja wetu adhani tunamringia.

Mafua yanaletwa na virusi. Rangi mbili, amoksilini na ndugu zake, zinapigana na bakteria, kirusi hazikigusi hata kidogo. Utameza, siku ya sita utapata nafuu useme dawa kiboko, kumbe mwili umepona wenyewe, maana mafua mengi yanaisha ndani ya siku 7 mpaka 10, kikohozi ndo kinaweza kubaki hata wiki 2 au 3. Na hivyo vidonge vinne vinne vya buku, visivyotimiza dozi, vinawafundisha bakteria kuizoea dawa, siku ukipata nimonia ya kweli inagoma.

Ila kinachotutisha zaidi ni parasetamo. Kuna kaka wa bodaboda alikuja kichwa kinamgonga, akatoa mfukoni panadoli, vidonge vya mafua na pakiti ya unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, tukamgeuzia moja moja akasoma mwenyewe yale maandishi madogo ya nyuma, zote tatu zina parasetamo! Na alikuwa anapiga zote asubuhi mchana jioni akijua ni dawa tofauti. Mtu mzima mwenye afya yake, vile vya miligramu 500 ni viwili, subiri saa 6 ndo urudie, visizidi 8 kwa siku nzima ukijumlisha na vilivyojificha kwenye dawa zingine. Ikizidi inaharibu ini, na ini halikuambii mapema. Mtoto anapimiwa kwa uzito, kwa hiyo ukija tuambie kilo zake, na aspirini usimpe.

Nyumbani fanya haya ya kawaida tu, maji ya kutosha, chai ya tangawizi na ndimu, uji wa uwele mwepesi, kulala. Koo likiwasha nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua uteme. Asali ya Singida kijiko kimoja usiku inatuliza kikohozi vizuri sana, lakini mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1 asilambe hata kidogo, inaweza kumpa sumu mbaya ya botulizimu. Na kina mama tunawaomba, msijifukize na mtoto chini ya blanketi, sufuria ikipinduka anaungua mapaja yote.

Homa ikiwepo kapime malaria, usiseme ni mafua tu. Na mtoto akikohoa mvue shati akiwa ametulia, shika simu uhesabu pumzi dakika 1 nzima: wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50, wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, au ukiona chini ya mbavu panabonyea akivuta hewa, au hanyonyi, usipite kwetu kununua sirapu, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo hata kama ni usiku.