Toboeni njia kwanza: barua kwa Mama Glory

Rau, Moshi
8 Februari 2026

Mpendwa Mama Glory,

Salamu kutoka Moshi. Sisi hatujambo, ila jua la mwezi huu linachoma kama limetumwa. Mama anakusalimu na anauliza lini utapita kumwona. Nimemwambia u mwingi wa vikao.

Michoro uliyonitumia nimeipitia yote, mpaka ule ukurasa wa mwisho wenye watu wa kuchorwa wanaokunywa kahawa, na hakuna hata mmoja aliyebeba mfuko wa nyanya. Umeniuliza kama SACCOS yenu ya walimu, chama chenu cha akiba na mikopo, inunue lile jengo la maduka lililofungwa hapo Arusha, na mkilinunua mlifanye nini. Nakujibu kama mkadiriaji majenzi, mtu wa kupiga hesabu za gharama za ujenzi, na pia kama mtu aliyewahi kununua viatu mle ndani lilipokuwa hai. Jengo linunueni, bei ikishuka. Huo mchoro mrudishieni mwenyewe.

Kinachonikera si vioo. Mshauri mwelekezi wenu ameondoa supamaketi kubwa iliyokufa, akaweka supamaketi nyingine kubwa palepale, juu yake ofisi, juu ya ofisi hoteli, kisha akaandika kwamba hiki ni kitovu kipya cha mji. Unaikumbuka Nakumatt, ile supamaketi ya Kenya? Ilifungua Moshi 2011, na 2014 ikachukua maduka ya Shoprite, likiwemo la Arusha. Miaka michache baadaye ikafunga maduka yake nchini. Na jengo la aina hii huegemea mpangaji mmoja wa namna hiyo. Yeye hulipa kodi ndogo kwa kila mita ya mraba kwa sababu ndiye anayevuta watu. Wadogo, wa simu, wa vipodozi, wa juisi, ndio wanaolipa kodi ya kuumiza ili wapate wateja wanaopita kwenda kwake. Siku akifunga, wadogo wanaanza kudai kupunguziwa, kisha wanahama mmoja mmoja, jenereta linazimwa mapema kuokoa dizeli, na mwenye jengo anabaki na mkopo wa benki pamoja na mlinzi wa getini. Ndicho kilichotokea hapo kwenu. Kurudia mchezo uleule kwa hela za walimu mimi siafiki.

Nikupeleke mbali kidogo. Mdogo wangu anaishi Lakewood, Colorado, kule Marekani, na nilipomtembelea nilimwomba anipeleke kwenye mtaa unaoitwa Belmar. Pale palikuwa na jengo kubwa la maduka, Villa Italia, lililofunguliwa 1966. Lakewood yenyewe ilipata hadhi ya mji 1969, yaani duka lilitangulia mji, na kwa muda mrefu ukitafuta katikati ya mji unaonyeshwa mlango wa duka. Likafungwa 2001. Halmashauri yao na mwendelezaji hawakujenga duka jingine. Waliikata ile ardhi, zaidi ya ekari 100, wakaitia mitaa ya kawaida hadi ikawa vitalu 22, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa 2004: maduka chini, nyumba na ofisi juu, magari yamefichwa kwenye maghorofa ya maegesho, na katikati kuna uwanja ambao wakati wa baridi hugandishwa barafu watoto wakateleza. Barafu haikunishangaza sana. Nilichokumbuka ni mtu mmoja niliyemwona jioni akishuka ngazi kutoka kwake, amevaa kandambili, anaenda kununua maziwa. Kwenye duka kubwa la kufungwa milango saa mbili usiku humwoni mtu wa kandambili.

Kule Florida walitangulia zaidi. Boca Raton walikuwa na jengo la maduka la 1974, likachuja haraka, na kufikia 1991 mahali pake pamekuwa Mizner Park, bustani ndefu katikati, maduka kando yake, watu wanaishi juu. Na ukitaka kucheka, mtu aliyebuni haya maduka makubwa ya ndani kwa ndani, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyewakimbia Wanazi 1938, hakukusudia duka peke yake. Alipochora Southdale huko Minnesota, lililofunguliwa 1956, alitaka pembeni yake pawe na nyumba, shule na hospitali. Wenye fedha wakachukua duka, hayo mengine wakayaweka lami kwa ajili ya maegesho. Uzeeni aliyakana hayo maduka na akarudi zake Vienna. Kwa hiyo Wamarekani wanapobomoa sasa na kuweka nyumba, wanalipa deni la zamani.

Usinielewe vibaya, sikuambii muige Belmar. Kule ni ekari mia na zaidi, nyinyi mna mbili na ushee. Kule halmashauri ziliingiza mkono, nyinyi jiji litawapa kibali na ankara. Ninachokitaka kutoka kule ni kile kitendo cha kwanza, kutoboa njia.

Lile jengo lenu limeipa barabara mgongo. Mbele kuna ukuta na geti la magari, nyuma kuna ukuta mwingine, na nyuma ya huo ukuta ndiko vifodi, zile daladala ndogo, vinakoshusha watu. Simama pale asubuhi uwaangalie: wanashuka, wanazunguka uzio mzima kwa miguu kufika barabara kubwa, jua likiwawakia. Hao ni wateja wanaopita bure kila siku na hakuna aliyewahi kuwafungulia mlango. Vunjeni ukuta pande zote mbili, mtoboe njia ya watu wa miguu inayopita katikati ya jengo, ghorofa ya chini, upana wa mita nane hivi, wazi usiku na mchana, bila geti la kukaguliwa mikoba. Kandokando ya hiyo njia na kwenye uso wa barabara wekeni fremu ndogondogo, vyumba vya duka vya kupangisha, zinazotazama nje. Fremu ndogo inalipika. Fundi cherehani, wakala wa pesa, muuza dawa, mama wa mtori na chapati, hao hawasubiri mpangaji mkubwa awaletee watu. Akifunga mmoja, ufunguo unapata mwingine ndani ya mwezi.

Na machinga msiwasahau kwenye mchoro. Walipoondolewa barabarani 2021 tuliona walivyopelekwa mbali na njia za watu, na tuliona walivyorudi. Kipande cha yale maegesho ya mbele, wekeni paa jepesi, sakafu ya zege, maji na choo, muwapangishe kwa siku. Mwenyekiti wenu atasema linashusha hadhi. Mwulize hadhi imelipa kodi kiasi gani tangu jengo lifungwe.

Sasa juu. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo mshauri wenu alipopita mbio. Ameweka hoteli kwa sababu ya AFCON 2027, eti uwanja wa Olmoti utachukua watu elfu thelathini na wote watataka kulala. Watalala wiki chache, mama. Baada ya hapo mtashindana na kila hoteli ya Arusha inayosubiri watalii wa Juni mpaka Septemba. Wekeni nyumba za kupangisha. Mwalimu wa sekondari anayekaa Usa River anapanda magari mawili kuja mjini. Muuguzi anayetoka zamu usiku analipa bodaboda. Chumba na sebule, jiko na choo ndani, katikati ya mji, mtawapanga foleni. Na watu wakilala pale, zile fremu za chini zinapata mteja wa saa mbili usiku na wa Jumapili, ambaye jengo la ofisi haliwezi kumtoa.

Ugumu wake ni huu. Ghorofa la duka ni pana mno. Duka halitaki dirisha, linataka ukuta wa kupanga bidhaa, kwa hiyo katikati ya lile jengo ni giza tupu mchana kweupe. Ukigawa vyumba hivyohivyo, nusu ya wapangaji wataishi na taa na feni maisha yao yote, na ankara ya umeme itawahamisha. Lazima mkate ua katikati, kutoka paa mpaka ghorofa ya kwanza, mahali zilipokuwa ngazi za umeme. Pale tayari kuna tundu kwenye sakafu, mnalipanua tu mpaka kwenye mihimili. Mtapoteza eneo, najua, na mhasibu wenu atalia. Lakini eneo lisilo na dirisha halipangishiki kama nyumba, kwa hiyo analilia kitu ambacho hamna.

Sakafu zenyewe hazinitishi. Sakafu ya duka hujengwa kubeba mzigo mkubwa kuliko ya nyumba, vitanda na makabati havitaisumbua. Kinachonitisha ni zile ghorofa tatu ambazo mshauri ameongeza juu kwa kalamu. Nguzo na msingi vilipigiwa hesabu ya jengo lililopo, na sijaona popote kwamba kuna mtu amepima. Mhandisi apige zege ile nyundo ya kupimia, akate sampuli kwenye nguzo, azipeleke maabara, achimbe pembeni mwa msingi aone umeshuka kiasi gani. Kabla ya hapo msiongeze hata tofali.

Halafu mabomba. Vyoo vya lile jengo vimekusanywa kona moja kila ghorofa, kama ilivyo kwenye majengo ya maduka. Nyumba kila moja inataka choo chake na sinki lake, kwa hiyo mtatoboa sakafu mahali pengi, na kila tundu likwepe mhimili na nondo. Pangeni majiko na vyoo vigongane mgongo, juu mpaka chini, bomba moja litumikie nyumba mbili kila ghorofa. Huo ndio uamuzi utakaowaokolea fedha kuliko kubishana bei ya vigae. Maji chukueni ya mamlaka. Wakiwashawishi kuchimba kisima kiwanjani, wakumbusheni meno ya watu wa Meru. Floridi ya maji ya Arusha, ile inayoyatia meno rangi ya kahawia, haijifichi. Maji ya kisima yawe ya kusafishia na kumwagilia. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe ya kila nyumba na kila fremu, msije mkagawana ankara kwa kukadiria, maana hapo ndipo ujirani unapovunjika. Zimamoto nao waiteni wakati mchoro bado ni karatasi. Ngazi za pili za dharura ukiziongeza mwishoni zinameza vyumba viwili kila ghorofa.

Wajumbe wakisema kuchanganya biashara na kulala ni mambo ya Ulaya, waambie waje Moshi nitawatembeza. Jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, pale karibu na mnara wa saa lina ofisi na maduka chini, na hoteli ya chama juu. Hata Arusha, maduka ya zamani ya Wahindi mengi mwenye duka alilala juu ya duka lake. Na wale wazee wa Machame kwenye bodi yenu wanajua kihamba: migomba, kahawa, zizi na nyumba ya mtu, vyote kwenye kiwanja kimoja, na hakuna aliyewahi kumwita mshauri. Kama wanataka mfano wa jengo kubwa lililobaki yatima likapata kazi nyingine, wasitafute mbali. Jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa hapo Arusha, lilijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata kukaanzishwa hicho kituo cha mikutano, na baadaye Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ikakaa humo kwa miaka karibu ishirini. Hakuna aliyelivunja.

Karatasi nazipitia haraka kwa sababu mwanasheria mnaye. Hati isomwe imebakiza miaka mingapi, isiwe mnauziwa mkia wa hati ya miaka 33. Kodi ya pango la ardhi kama imelimbikizwa, itolewe kwenye bei. Matumizi yabadilishwe rasmi kutoka biashara kuwa makazi na biashara, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kabla hamjagusa ukuta wa ndani. Na mkitaka siku moja kuwauzia wanachama nyumba moja moja, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu, ila paa, ngazi, ua na tangi la maji ni vya wote na vinahitaji chombo cha kuvisimamia. Mimi ningepangisha kwanza. Kuuza mapema kutawaletea wamiliki wanaogombana kuhusu rangi ya ukuta kabla jengo halijakamilika.

Msifanye yote kwa mkupuo pia. Mwaka wa kwanza, njia na fremu za nje, na kile kipande cha machinga. Hizo zinaanza kuingiza kodi wakati juu bado kuna vumbi, na benki itawasikiliza vizuri mkiwa na mapato mkononi. Nyumba za ghorofa ya kwanza zifuate, za juu zisubiri majibu ya maabara. Supamaketi ikitaka kuja, ije, lakini iwe mpangaji wa kawaida, kona moja, ghorofa moja, akiondoka mnagawa fremu sita.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Nitumie kabla ya hapo nakala ya hati na mchoro wa zamani wa jengo, ule wenye mabomba na nguzo, siyo huu wa watu wanaokunywa kahawa. Kama hamna, ulizeni halmashauri, lazima kuna nakala iliyoombewa kibali. Mwombe na yule mlinzi atafute ufunguo wa darini. Tochi nitabeba mwenyewe.

Msalimie Baba Glory na watoto.

Rafiki yako,
Aikande