Yah: Malalamiko kuhusu kupimwa kwa dawa ya maji ya watoto kwa mbinu isiyohakikiwa

Idara ya Udhibiti wa Ubora,
Kiwanda cha Dawa za Maji,
Dar es Salaam.

3 Juni 2024

Mkurugenzi Mtendaji,
Maabara ya Upimaji wa Dawa,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye mfamasia ninayetia saini ya mwisho kabla toleo lolote la dawa, yaani kundi lililotengenezwa kwa pamoja, halijatoka katika ghala la kiwanda chetu. Tangu Januari mwaka huu maabara yenu imetupimia matoleo 11 ya parasetamoli ya maji ya watoto, na vyeti vyote 11 vimerudi na jibu lile lile: bakteria chini ya 10 kwa mililita, hamira na kuvu chini ya 10 kwa mililita, Escherichia coli haikuonekana. Kwa kutegemea vyeti hivyo niliruhusu matoleo tisa yaende sokoni. Ninalalamika kwamba majibu hayo hayana msingi, kwa sababu maabara yenu haijaonyesha popote kwamba mbinu iliyotumika ingeweza kuwaona vimelea hao endapo wangekuwemo ndani ya dawa.

Shaka yetu ilianza mwezi Machi. Maji yaliyosafishwa kiwandani kwetu yalivuka kikomo cha koloni (vishada vya vimelea) 100 kwa mililita, tukagundua hitilafu kwenye bomba la mzunguko, tukasimamisha uzalishaji na kuyazuia matoleo mawili yaliyokwisha kutengenezwa kwa maji hayo. Tuliyaleta kwenu pamoja na maelezo ya kilichotokea. Vyeti vikarudi safi kama vya matoleo mengine yote. Yawezekana kweli kwamba methiliparabeni na propiliparabeni, vihifadhi tulivyotia katika dawa hiyo, viliwaua vimelea waliotoka kwenye maji. Lakini yawezekana vilevile kwamba havikuwaua, bali viliingia pamoja na sampuli kwenye sahani ya kuoteshea vimelea na kuwazuia wasiote kwa siku zile chache mlizowaatamisha, na kwamba ndani ya chupa wangali hai. Sahani tupu ni ile ile katika hali zote mbili. Kinachozitenganisha ni uhakiki wa mbinu peke yake, na ndiyo maana tuliwaomba taarifa ya uhakiki huo.

Tulisubiri wiki tatu. Hati iliyotufikia ina kurasa nne na inahusu vidonge visivyo na kihifadhi chochote, tena vya mteja wenu mwingine ambaye jina lake halikufutwa. Sitalitaja jina hilo hapa wala popote, ila ninalazimika kuuliza ni nani aliyepewa taarifa zetu sisi kwa namna hiyo hiyo.

Fundi wenu mwandamizi alituambia kwa simu kwamba mbinu ikishachapishwa katika famakopia, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, haihitaji uhakiki mwingine. Nusu ya kauli hiyo ni kweli, nayo nusu iliyobaki ndiyo iliyotufikisha hapa. Ni kweli kwamba maabara haidaiwi kuithibitisha upya mbinu ya sura za 61 na 62 za Famakopia ya Marekani kana kwamba imeibuni yenyewe. Hata hivyo sura hizo hizo zinadai kwamba kufaa kwa mbinu kuthibitishwe kwa kila dawa inayopimwa: sampuli inatiwa vimelea wanaojulikana, wasiozidi 100, akiwemo Staphylococcus aureus, Pseudomonas aeruginosa, Bacillus subtilis, Candida albicans na Aspergillus brasiliensis, kisha idadi inayopatikana inalinganishwa na ile ya kidhibiti, yaani sampuli ya kulinganishia isiyo na dawa, na haipaswi kupungua chini ya nusu wala kuzidi maradufu. Dawa ikionekana kuzuia uotaji, mpimaji anapaswa kuizimua zaidi, au kuichuja kwa utando na kuusuuza, au kuongeza kitu kinachovunja nguvu ya kihifadhi, kisha arudie jaribio. Kipimo cha vidonge hakiwezi kujibu swali hilo kwa niaba ya dawa ya maji yenye parabeni.

Kwa kuwa hatukupata jibu, tulifanya jaribio hilo wenyewe katika maabara yetu ndogo, tukifuata hatua zilizoandikwa kwenye vyeti vyenu: kuzimua moja kwa kumi katika maji ya peptoni, bila kiondoa nguvu cha kihifadhi chochote. Kidhibiti cha Staphylococcus aureus kilitoa koloni 72, sahani yenye dawa ikatoa 9. Kwa Candida albicans kidhibiti kilitoa 64, sahani yenye dawa 14. Pseudomonas pekee ndiye aliyeota karibu kama kawaida. Tulipoongeza polisobeti 80 na lesithini, ambazo huvunja nguvu ya parabeni, katika kimiminika hicho hicho cha kuzimulia, tulipata koloni 66 za Staphylococcus na 57 za Candida. Maana yake ni kwamba mbinu yenu, kama mnavyoitumia sasa, inapoteza sehemu kubwa ya kile inachotakiwa kuhesabu, na kwamba dawa ya tatizo hilo ilikuwa kwenye rafu ya kemikali muda wote.

Nimesikia pia pendekezo la kuzimua moja kwa hamsini ili kuepuka gharama ya viondoa nguvu. Tafadhali msilifuate. Kikomo cha hamira na kuvu kwa dawa ya maji ya kunywa ni 10 kwa mililita, na kwa uzimuaji huo koloni moja tu kwenye sahani ya mililita moja tayari inahesabika kuwa 50. Mbinu isiyoweza kukiona kikomo chake haiwezi kusema kama dawa imepita au imeshindwa.

Sikuzi jambo hili kupita kiasi. Katika miaka ya 1960 nchini Sweden vidonge vya tezi ya thairoidi vilivyochafuliwa na Salmonella viliwaugulisha watu wapatao 200. Mwaka 2016 nchini Marekani dokuseti ya maji, dawa ya kulainisha choo, ilihusishwa na maambukizi ya Burkholderia cepacia kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini, na bakteria huyo akapatikana pia katika mfumo wa maji wa kiwanda kilichoitengeneza. Ni bakteria wa majini, tena mstahimilivu wa vihifadhi, ndiye aliyefanya sura ya 60 ya Famakopia ya Marekani, inayoeleza jinsi ya kumpima, ianze kutumika Desemba 2019. Hitilafu yetu ilikuwa ya maji. Wanaokunywa dawa yetu ni watoto wenye homa.

Ninakiri kwamba nasi tulipaswa kuidai taarifa ya uhakiki kabla ya kusaini mkataba, na kosa hilo nimeliandika katika kumbukumbu za idara yangu. Hilo haliondoi wajibu wenu: kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, ambacho nembo ya ithibati yake mmeichapa juu ya kila cheti, kinaitaka maabara ithibitishe kwamba inaweza kuitekeleza mbinu ipasavyo kabla ya kuanza kuitumia.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza kabisa, msitoe cheti kingine chochote cha dawa yetu hadi uhakiki ufanyike kwa dawa yenyewe na kwa vimelea wote waliotajwa, nasi tupewe data ghafi na si muhtasari, pamoja na rekodi za kupima uwezo wa agari yenu (chakula cha vimelea kwenye sahani) kuotesha. Uhakiki ukikamilika, mpime upya kwa gharama yenu sampuli za akiba za matoleo yote 11, mkiongeza kipimo cha Burkholderia, na mtoe vyeti vilivyosahihishwa vinavyoeleza kwa nini vya awali vimefutwa. Tunaomba pia malalamiko haya yashughulikiwe kama kifungu cha 7.9 cha kiwango hicho kinavyoelekeza, yaani uamuzi utolewe, au upitiwe na kuidhinishwa, na mtu ambaye hakushiriki katika upimaji unaolalamikiwa.

Matoleo mawili ya Machi yangali yamefungiwa ghalani. Kuhusu yale tisa yaliyoko sokoni, tumeijulisha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa barua ya leo, tukiambatisha matokeo ya jaribio letu, na uamuzi wa kuyarejesha hautasubiri ratiba yenu. Tunahitaji majibu ya maandishi ndani ya siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Mkipenda kuja kuliona jaribio likirudiwa, maabara yetu iko wazi kwa wataalamu wenu siku yoyote ya kazi, na sahani zetu zote tumezipiga picha na kuzihifadhi.

Wako katika kazi,

Mfamasia, Mkuu wa Idara ya Udhibiti wa Ubora

Nakala: Meneja Mkuu wa Kiwanda