Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Wanafunzi, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Sheha wetu, wajumbe wa Kamati ya Skuli, wazee wetu, walimu wenzetu na wanafunzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kuangalia picha za watoto. Umezipita ukutani ulipokuwa unaingia. Tunaomba ruhusa yako tukueleze zilikotoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Klabu yetu inawafundisha wanafunzi wa darasa la nne hadi la sita kuitambua mikondo ya sanaa na kuieleza kwa maneno yao wenyewe. Neno hili "mkondo" lilitusumbua mwanzoni, mpaka mtoto mmoja wa nyumba ya wavuvi aliposema kuwa mkondo ni pale maji yote yanapovuta upande mmoja. Hatukutafuta maelezo mengine. Wachoraji wa zama moja wakivutwa upande mmoja, huo ndio mkondo wao.

Tulianza na kanga. Kila mtoto alikuja na ya kwao, akatuonesha pindo, mji na jina. Kisha tukauliza maswali matatu ambayo hatujayaacha hadi leo: Unaona nini? Kimechorwaje? Umejuaje? Jibu la "nzuri" peke yake halipokelewi. Mtoto aseme rangi imekoza au imefifia, mstari umenyooka au umepinda, nakshi imejirudia mara ngapi.

Kutoka kwenye kanga tukaingia sanaa ya uchoraji ya Tingatinga, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kwa rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini wenzake wakaiendeleza. Hapa watoto hawakupata tabu: mnyama mkubwa katikati, mpaka wa umbo umekatwa wazi, madoadoa mwilini.

Tabu tuliipata kwa mchoraji Claude Monet wa Ufaransa. Picha yake ya bandari ya Le Havre wakati jua linachomoza, ya mwaka 1872, ndiyo iliyoupa jina mkondo wa impreshonizimu, yaani wa kuunasa mwanga wa papo kwa papo kwa madoa ya rangi, ilipooneshwa Paris mwaka 1874. Sisi tulikuwa na nakala ya fotokopi, nyeusi na nyeupe. Tukawaambia watoto watazame jua. Wakatazama. Binti mmoja wa darasa la tano akainua mkono: "Mwalimu, jua lenyewe liko wapi?"

Alisema kweli. Jua la Monet ni la rangi ya chungwa, lakini mwangaza wake unakaribia kuwa sawa na wa anga lililolizunguka. Ukiondoa rangi, jua linamezwa. Tulikuwa tunamfundisha mtoto picha ya jua na jua halimo.

Kwa hiyo tuliwapeleka gatini. Wete jua halichomozi baharini, linazama huko, basi tukenda alasiri baada ya chuo cha Kurani, kila mmoja na karatasi na rangi za maji. Waliokaa kunyoosha kingo za majahazi waliachwa nyuma. Anga lilikwisha kubadilika kabla hawajamaliza tanga. Waliopaka kwa madoa ya harakaharaka ndio walioupata ule wekundu juu ya maji. Kurudi darasani, hakuna aliyetuuliza tena kwa nini picha za Monet zina ukungu.

Kwa mkondo wa kubizimu wa wachoraji Picasso na Braque, unaoonesha kitu kimoja kwa pande zake nyingi kwa pamoja, tulileta mbuzi ya kukunia nazi. Wanafunzi waliichora kwa pande zote katika karatasi moja: kikalio kama kinavyoonekana kutoka juu, chuma chenye meno kutoka ubavuni. Walipojua kuwa mwaka 1907 Picasso aliziona barakoa za Kiafrika katika jumba la makumbusho mjini Paris, na zikamgusa, waliziangalia kazi zake kwa jicho jingine. Tukawaambia pia habari za msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya sanaa ya Turner Prize ya Uingereza mwaka 2017, ambaye kanga zimo katika kazi zake.

Mheshimiwa,

Baadhi ya wazee walituuliza kuhusu kuchora viumbe vyenye roho. Tulikaa nao, na tunaliheshimu swali hilo. Mtoto asiyetaka huchora majahazi, mikarafuu au nakshi za mikeka ya ukili, na maswali matatu ni yale yale. Wengine walisema kuchora kunakula wakati wa hesabu na lugha. Hao tunawaomba leo wasimame mbele ya picha yoyote na mtoto aliyeichora, wamsikilize anavyoieleza.

Maombi yetu ni mawili. La kwanza, tusaidiwe kupata picha kubwa zilizochapwa kwa rangi, japo kumi, za mikondo mbalimbali. La pili, nauli ya meli ya kuwapeleka wanafunzi Unguja, wakaone milango ya nakshi ya Mji Mkongwe na kutofautisha wenyewe mlango wa kizingiti cha mraba na ule wa tao.

Yule binti aliyelitafuta jua yupo hapa, mstari wa mbele. Hiyo picha ya gati, ya tatu kutoka mlangoni, ni yake, na ameomba akueleze mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.