Maboga yetu hayakurogwa

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaolima bustani za nyumbani, hasa huku kwetu Pemba.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete, na pamoja na kina mama wenzangu wa mtaani tunalima kipande cha ardhi nyuma ya nyumba zetu. Tuna tungule, bilingani, bamia, matango na maboga, na kwenye uzio tumepandisha mpasheni. Masika iliyopita maboga yalitambaa mpaka yakapanda ukuta wa jirani, maua ya manjano tele, tukaanza kugawana kwa mdomo hata chungu hakijatelekwa. Hatukula hata moja. Kila kiboga kilichofika ukubwa wa limau kiligeuka rangi, kikalainika, kikaanguka.

Maneno hayakukosekana. Wako waliosema mbegu mbovu, wako waliosema ardhi imechoka, na mmoja wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema wazi kwamba tumepigwa jicho. Akaja na kago lake akalitundika uzioni. Simcheki, maana mkosaji nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyeshika bomba. Kila Jumatano na Jumamosi, nikishasali alfajiri, wakati jua halijawa kali, nilijaza dawa ya wadudu nikaipiga bustani nzima, majani na maua. Aliyeniuzia dawa hakuniambia neno ila bei, na mimi sikumuuliza.

Sasa, ua la boga hufunguka alfajiri hiyo hiyo. Ikifika saa nne hivi za asubuhi limeshajikunja, na halifunguki tena. Na maua yenyewe ni ya aina mbili juu ya mmea mmoja: dume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, jike lina kiboga kidogo chini yake tangu siku ya kwanza. Ule unga wa njano wa ua dume, ambao vitabu vya skuli huuita chavua, ni mzito na unanata, upepo hauubebi. Lazima nyuki autoe kwa dume aupeleke kwa jike, tena si mara moja. Asipokuja, kiboga hupukutika. Akija kidogo, tunda hushika nusu nusu. Lile tango lililopinda kama ndoana, nene upande huu na limesinyaa upande ule, mara nyingi habari yake ndiyo hiyo.

Mimi nimekulia chini ya mikarafuu, na nadhani karafuu ndiyo iliyotulemaza. Tunaichuma ikiwa bado tumba. Ikichanua, tayari imeharibika. Zao lililosomesha watoto wetu halikutulazimisha hata siku moja kujiuliza nani hulitembelea ua likishafunguka.

Vanila, kinyume chake, inajulikana na kila anayetembeza wageni mashamba ya viungo. Asili yake Mexico, na ilipohamishwa wadudu wake hawakuja nayo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, ndiye aliyeonyesha namna ya kulipaka ua unga wake kwa kijiti na kidole gumba, na mpaka leo wakulima hufanya hivyo, ua moja moja. Nami nikajaribu kwa maboga: nachuma dume, nachana petali zake, nalipaka jike katikati. Nilipata maboga manne. Lakini fikiria, Mhariri, mtu wa umri wangu kuinama kila alfajiri kufanya kazi ambayo mwenyewe nimemuua mfanyakazi wake.

Mpasheni nao una kisa chake. Wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti, ambao watoto wanawaogopa kwa mngurumo tu, ndio hasa wanaoufaa. Ua la pasheni ni pana, na viungo vyake vimekaa juu, kiasi kwamba nyuki mdogo hupita chini, akanywa utamu, akaondoka bila kugusa kitu. Yule mkubwa mgongo wake hufika. Hao hao ndio wanaojua kuling'ang'ania ua la tungule na kulitetemesha mpaka unga umwagike, maana umefungiwa ndani kama pilipili manga kwenye kichupa chake. Tungule hushika hata kwa kutikiswa na upepo, ila hao wakiwepo hushika zaidi. Nasi tulichoma magogo yote makuukuu ili tupate uwanja safi!

Huo usafi wetu nao una kasoro. Tunafagia mpaka udongo unang'aa, kisha tunasakafia saruji ukuta kwa ukuta, ilhali nyuki wengi wanaoishi mmoja mmoja huchimba vishimo katika ardhi tupu. Wale wadogo wasiouma, wakijikalia kwenye ufa wa ukuta, tunawamiminia mafuta ya taa. Wamemfanya nini mtu?

Dawa sijaiacha yote. Vidukari vikivamia bamia, siwezi kukaa nikatazama. Ila sasa napiga jioni, maua ya boga na bamia yakishajifunga, napiga palipoguswa tu, wala silengi ua. Ziko dawa zinazobaki na sumu siku kadhaa, hizo hata ukipiga jioni hazikusaidii, kwa hiyo soma karatasi ya chupa au msomeshe mjukuu. Tumerudisha gogo la mwembe uzioni. Tumeweka na kisahani cha maji chenye vijiwe, nyuki wapate pa kutua, na maji tunayamwaga kila siku mbili yasije yakazaa mbu.

Mrehani ndio ulioleta ugomvi. Kina mama hukata vichwa vya mirehani kabla havijachanua ili majani yazidi, na vikuba, vile vishada vya kunukia vya kujipambia, haviwezi kungoja nyuki. Tumekubaliana kichaka kimoja kisiguswe. Sasa hivi kimejaa maua, na asubuhi ukikipita unasikia mvumo wake.

Nikiwa hapo hapo, watoto waache kuwapiga mawe popo. Yule popo mkubwa wa Pemba hapatikani kwengine duniani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache mno kabla watu hawajaanza kuwahifadhi, kama walivyofanya wanakijiji wa Kidike hapa Pemba. Kwa maboga popo hawahusiki, lakini maua ya msufi, mbuyu na doriani hufunguka usiku, na popo ndio wageni wake.

Ombi langu kwa mabwana shamba na mabibi shamba: mnapotugawia mbegu, tuambieni na saa ya kupiga dawa. Wauzaji wa dawa nao waseme, haiwagharimu kitu. Na pasheni ya njano haizai kwa unga wake yenyewe, inataka wa mche mwengine usio wa ukoo mmoja nayo. Wetu ni mmoja tu. Mwenye mche huku Wete atukatie kipande, tutambadilishia kwa mbegu za mrehani.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba