Mwaju, nitafutie kurasa za mwisho

Shoga yangu Mwaju,

Salamu nyingi, huku Tanga wote wazima, mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri, mengine nitayasema huko chini maana nina shida na shida yenyewe haingoji. Zile riwaya ulizompa Kassim zimefika, asante sana, begi lilirowa lakini vitabu vikapona, isipokuwa kimoja, nacho hakikuharibiwa na mvua, mtoto wa Salma ndo kakifanyia mambo. Kile cha Manuel Ramos, The Ballad of Rocky Ruiz, kurasa za mwisho hazipo! Nimetafuta mpaka nyuma ya friji, nilichopata ni boti mbili za karatasi zilizokwisha kuelea kwenye ndoo, hazisomeki. Yaani nimekesha na yule wakili Luis Montez, mtu mzima kachoka, ndoa zimemshinda, ofisi yenyewe hapo Denver inasuasua, rafiki yao aliuawa zile enzi za harakati zao za chuo na sasa waliobaki ndo wanaanza kuandamwa mmoja mmoja, halafu pale ndo nafika kwenye uzi mtupu wa jalada. Usicheke.

Sasa, lile ulilosema kwenye simu, eti hadithi za upelelezi ni zilezile tu, maiti mwanzoni pingu mwishoni, mimi limenikaa rohoni mpaka nabishana nawe huku nakuna nazi. Hapana bwana. Hawa Wachicano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko kama huyo Ramos, wana lao. Mchukue Lucha Corpi, Eulogy for a Brown Angel, kile cha 1992. Ni tarehe 29 Agosti 1970, mashariki ya Los Angeles, maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Meksiko wanaandamana kupinga vita vya Vietnam, wamechoka kuzika vijana wao, askari wakaja na virungu na mabomu ya machozi, watu wanakimbia huku na huku, na kwenye moshi huohuo Gloria Damasco, mhusika mkuu, anamkuta mtoto wa miaka minne kando ya njia, unadhani kalala, kumbe kafa. Nilikiweka kitabu chini nikaenda kuwafunika wanangu shuka, na joto lote hili.

Mtoto yule ni wa kutungwa lakini maandamano hayakutungwa. Na siku hiyohiyo, hii ni kweli kabisa, Ruben Salazar, mwandishi wa Los Angeles Times, alikuwa kakaa zake ndani ya baa inaitwa Silver Dollar, askari wa sherifu akafyatua bomu la machozi likaingia ndani likampata kichwani. Akafa. Hakuna aliyeshtakiwa, Mwaju, hata mmoja. Sasa niambie, mtu kaona mauaji siku kama hiyo anaenda kuripoti kwa nani, kwa haohao? Sikatai, mle kitabuni yumo askari mmoja mwenye utu, lakini kesi inalala miaka 18 kabla Gloria hajaishika tena, miaka 18 yule mtoto hana majibu.

Sisi tumekulia kwa Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Musiba. Gamba anatumwa na serikali, ana bastola ya serikali, akishinda nchi imeshinda na sisi kule dawatini tunapiga makofi. Gloria katumwa na nani? Hakuna. Ndo maana hata muuaji akijulikana huoni raha yoyote, unabaki unajiuliza na yule wa baa je.

Najua utaniletea Mchicano mwingine, Rolando Hinojosa, kwamba Rafe Buenrostro wa Partners in Crime ni polisi tena luteni. Ni kweli, ila kaunti ile ya Belken kaibuni mwenyewe huko kusini mwa Texas mpakani, na Rafe ni mtoto wa palepale, anajua ukoo wa kila mtu mpaka wa marehemu. Polisi anayejua mama yako ni nani ni polisi wa aina nyingine. Au siyo? Hapo sijamaliza kufikiri, nitakuandikia.

Rudolfo Anaya, yule mwandishi, ndo kanichosha, nisikufiche. Anaanza vizuri, Sonny Baca wa Albuquerque, kitukuu cha Elfego Baca yule sherifu wa kweli, anatembea na bastola ya babu, nikasema haya sasa tumepata. Kufika Shaman Winter adui yake Raven anaingia kwenye ndoto za Sonny anawateka mabibi zake wa karne hizo ili Sonny asizaliwe!! Mama nilipomsimulia wala hakushangaa, akasema huyo Sonny si apelekwe kwa mtu wa kumtazamia. Na kweli kitabuni anapelekwa. Gloria naye anaota maono, sawa, lakini akiamka anavaa viatu anaenda kuuliza watu maswali, maono hayamfungii kesi.

Basi shida yangu ndo hiyo. Ingia maktaba yoyote hapo Houston, kama Ramos yupo piga picha sura mbili za mwisho unitumie, ila usisome halafu ukanisimulia, nakujua mdomo wako. Na wale Arte Público wanaomchapisha Corpi wako Chuo Kikuu cha Houston, hapohapo mjini kwako, na wewe kila siku unalia wikendi huna pa kwenda. Nataka Cactus Blood, kile cha wafanyakazi wa mashambani na dawa za kupulizia. Hela nitampa dada yako Pongwe, tusije tukagombana.

Haya niambie, ile kazi ya usiku umeiacha au bado? Mgongo je? Kassim anasema umekata nywele, ni kweli au kajitungia? Hivi huko Houston hao Wachicano unakaa nao mtaa mmoja, mnaongea, au kila mtu na lake? Wanavisoma hivi vitabu vyao au ni vya maprofesa tu? Unakuja Idi au tusikuhesabu? Mama anataka jibu la hilo kwanza, kuna mambo ya mbuzi.

Wako,
Rehema