Waliofungiwa bahari Japani ni mabwana wa majimbo

Ndugu Mhariri,

Kila Japani ya zamani inapotajwa, iwe kwenye makala za historia au kwenye mijadala ya kulinda viwanda vya ndani, hutolewa mfano uleule: mashoguni, yaani watawala wa kijeshi, walifunga nchi zaidi ya miaka 200, hakuingia mtu wala hakutoka mtu, mpaka Wamarekani walipopiga hodi kwa mizinga. Naomba nafasi nieleze kwa nini mfano huo umekaa upande. Amri za miaka ya 1630, zinazosemwa kuwa ndizo zilizofunga nchi, hazieleweki bila kuanzia kwenye pishi la mchele.

Tangu Vita vya Onin vilivyoanza mwaka 1467, kila daimyo, yaani bwana wa jimbo, alikuwa na jeshi lake, sheria zake na kipimo chake cha nafaka. Oda Nobunaga, mmoja wao, ndiye aliyeanza kuwavunja nguvu wenzake. Bunduki zilizoingia na Wareno kisiwani Tanegashima mwaka 1543 zilimsaidia sana, ingawa habari za ushindi wake wa Nagashino, 1575, hutiwa chumvi. Aliuawa mwaka 1582 kwa usaliti wa jemadari wake, Akechi Mitsuhide, na jemadari wake mwingine, Toyotomi Hideyoshi, akaishika kazi. Waandishi wengi wakifika hapa hukimbilia mapigano. Silaha kubwa ya Hideyoshi ilikuwa ufito wa kupimia mashamba.

Wapimaji wake waliingia kijiji baada ya kijiji. Ufito ulikuwa na urefu wa karibu mita 1.9, na eneo la fito 300 za mraba likaitwa tan moja. Zamani tan ilikuwa fito 360, kwa hiyo shamba lilelile likasomeka kubwa zaidi daftarini kwa sehemu moja ya tano bila kuongezwa hata jaruba moja. Mashamba ya mpunga yakapangwa kwa madaraja: la juu lilihesabiwa kutoa koku 1.5 kwa tan, la kati 1.3, la chini 1.1. Koku moja ni kama lita 180, yaani mchele wa gunia moja na nusu hivi. Pishi la Kyoto likawa pishi la nchi nzima, na jina la anayelima kila kipande likaandikwa. Mwaka 1588 ikafuata amri ya kuwanyang'anya wakulima mapanga, mikuki na bunduki, kwa maelezo kwamba chuma hicho kingefuliwa misumari ya hekalu la Buda Mkubwa mjini Kyoto, nao wangepata heri hapa duniani na akhera. Sidhani kama kuna mkulima aliyedanganyika, lakini silaha zilikusanywa.

Tokugawa Ieyasu aliposhinda vita vya Sekigahara mwaka 1600 na kutawazwa shoguni mwaka 1603, daftari hilo lilimrahisishia mambo. Kila bwana alijulikana kwa idadi ya koku zake, na wa chini kabisa kustahili jina la daimyo alitakiwa kuwa na 10,000. Ieyasu aliwahamisha kama kete za bao: waaminifu karibu na Edo, makao yake (Tokyo ya leo), na kando ya barabara kuu, wasioaminika mbali. Mori wa Choshu alibaki na chini ya theluthi ya koku zake. Shimazu wa Satsuma, aliyepigana upande ulioshindwa, aliachiwa ardhi yake, maana kumfuata huko kusini mwa Kyushu, kisiwa cha kusini-magharibi, kungegharimu vita vingine.

Tatizo ni kwamba hao wasioaminika ndio waliokaa karibu na njia za meli za China, Wareno na Wahispania. Bwana wa Kyushu mwenye bandari aliweza kupata hariri, fedha, baruti na washirika wa ng'ambo bila Edo kujua. Ndiyo maana mwaka 1609, miaka 30 kabla ya Wareno kufukuzwa, mabwana wa magharibi walinyang'anywa meli zote zenye uwezo wa kubeba zaidi ya koku 500. Mwaka 1635 marufuku hiyo ikaingizwa katika sheria za mabwana wote. Sheria hizohizo ndizo zilizoweka rasmi zamu ya kukaa Edo: mwaka mmoja jimboni, mwaka mmoja Edo, mke na mrithi wakiachwa Edo daima kama rehani. Kwenye kizuizi cha Hakone, katika barabara kuu ya kwenda Edo, walinzi walikagua vitu viwili kuliko vyote, bunduki zinazoingia na wanawake wanaotoka. Na ni mwaka huohuo Mjapani alipokatazwa kwenda ng'ambo, na aliyekwisha kwenda akakatazwa kurudi, kwa adhabu ya kifo. Ukizisoma amri hizi pamoja, mlengwa anaonekana wazi.

Wareno walitolewa mwaka 1639, baada ya uasi wa Shimabara ambao watu wapatao 37,000, wengi wao Wakristo, walijifungia katika ngome ya Hara. Edo ililaumu dini hiyo iliyoletwa na Wareno, lakini pia ilimkata kichwa bwana wa Shimabara kwa kodi zilizopita kiasi. Hata hivyo Wareno hawakufukuzwa kabla Waholanzi hawajaulizwa kama wangeweza kuleta hariri ya kutosha. Ujumbe wa Wareno uliokuja kutoka Macau, kituo chao pwani ya China, mwaka 1640 kuomba msamaha uliuawa: watu 61, na 13 wakarudishwa kupeleka habari. (Utawala wa Wareno wa Goa, India, uliosimamia Macau na Mombasa pia, ulikuwa umeonja jambo kama hilo Mombasa mwaka 1631, pale Sultani Yusuf bin Hassan alipowaua Wareno wa Fort Jesus.)

Baada ya hapo milango ilibaki minne. Nagasaki walikuja Wachina, na Waholanzi wakawekwa Dejima kuanzia 1641, kisiwa cha kutengenezwa cha hekta moja na nusu hivi, chenye daraja moja na kodi ya pango ya kila mwaka. Korea ilipitia kwa bwana wa kisiwa cha Tsushima, ufalme wa visiwa vya Ryukyu (Okinawa ya leo) kwa Satsuma, na biashara na Waainu, wenyeji wa kaskazini, kwa bwana wa Matsumae. Haya si mambo ya nchi iliyojitoa duniani. Hata neno sakoku, "nchi iliyofungwa", lilibuniwa mwaka 1801 na Shizuki Tadao, mkalimani wa Nagasaki, alipokuwa akitafsiri maandishi ya Mjerumani Kaempfer. Waliotoa amri zenyewe hawakulijua.

Mfumo huo ulikuwa na matundu. Fedha (yale madini) ilimiminika nje kulipia hariri, hata mwaka 1668 Waholanzi wakazuiwa kuichukua na kusukumiwa kwenye shaba. Mwaka 1715 meli za Wachina zikawekewa kikomo cha 30 kwa mwaka, za Waholanzi 2, na magendo yakashamiri baharini. Zamu za Edo nazo ziliwatumbukiza mabwana kwenye madeni ya wafanyabiashara wa Osaka, kwa kuwa mapato yao yalikuwa mchele na matumizi yao yalikuwa fedha taslimu. Satsuma, yenye mlango wa Ryukyu na sukari ya visiwani, ilikuwa na pa kupumulia, na ni Satsuma pamoja na Choshu zilizouangusha utawala wa Edo mwaka 1868.

Na wale Wamarekani hawakuja ghafla. Waholanzi walitakiwa kuikabidhi Edo taarifa ya habari za dunia kila meli yao ilipofika, na mwaka 1852 waliiarifu kwamba manowari za Marekani zinajiandaa. Kamanda wao, Perry, alipotia nanga Uraga, kwenye mlango wa ghuba ya Edo, Julai 1853 na meli nne, Edo haikuwa na manowari hata moja ya kumkabili, wala haikuwa na bwana wa kumwomba moja, maana sheria ya koku 500 ilikuwa bado inafanya kazi. Iliondolewa miezi michache baadaye, mwaka huohuo.

Msomaji wako,
Morogoro